Tulimwambia atapona

Shangazi alikuwa na tabia ya kunyoosha shuka. Amelala kitandani, mgonjwa kabisa, lakini mkono wake wa kulia hautulii, unapita juu ya shuka kama anapiga pasi, kila mkunjo unaokutana na kiganja chake anausukuma mpaka pembeni. Siku hiyo nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na kichwa chake, tuko wawili tu, akaniuliza bila kunitazama, "Mwanangu, hivi daktari amesemaje?" Nikajibu haraka, haraka mno kwa kweli, "Amesema unaendelea vizuri Shangazi, utapona tu." Ule mkono ukasimama. Ukasimama kama sekunde mbili tatu hivi, halafu ukaendelea na kazi yake, akasema "Haya, nashukuru," na akaanza kuniuliza habari za kazini.

Daktari hakusema hivyo. Siku nne kabla alikuwa ametuita pembeni kwenye korido, watoto wawili wa Shangazi, kaka yangu mkubwa na mimi, akatuambia ugonjwa umeshasambaa na kilichobaki ni kumpunguzia maumivu. Kaka ndo alikuwa wa kwanza kufungua mdomo, akasema asiambiwe, akijua atakata tamaa, atatutoka mapema, na sisi wengine tukaitikia kwa vichwa. Ilichukua kama dakika tano hivi. Nimezifikiria sana zile dakika tano tangu siku hiyo, kwa sababu tuliongelea moyo wake, presha yake, usingizi wake, tukaongelea mpaka nani atabaki naye usiku, na hakuna hata mmoja wetu aliyesema jamani hebu tumuulize mwenyewe anataka kujua nini.

Baada ya hapo aliishi miezi miwili. Miezi miwili ya kuigiza, na kuigiza kunachosha jamani, mtu asikwambie. Tulikuwa tukifika mlangoni tunasimama kwanza, kila mtu anaweka uso sawa, halafu tunaingia na sauti ya juu kidogo kuliko kawaida, "Shangazi leo rangi imerudi!" "Shangazi ukitoka hapa tunasafiri wote!" na yeye anajibu tutasafiri mwanangu, tutasafiri. Mle ndani hakuna aliyelia. Kila mtu alilia peke yake nje, kwenye ngazi, kwenye gari, bafuni, na nina uhakika kabisa sasa hivi kwamba na yeye alilia peke yake sisi tukishaondoka.

Nina uhakika kwa sababu ya daftari. Baada ya mazishi binamu yangu alilikuta kwenye mkoba wake, daftari la kawaida la mistari, peni ya bluu, ule mwandiko wake mdogo unaolalia upande mmoja. Ameandika funguo ya kabati la juu iko wapi, nani anamdai na nani anadaiwa naye, cherehani apewe nani na kwamba isiuzwe. Ukurasa wa kwanza una tarehe, na tarehe yenyewe ni kesho yake baada ya sisi kuitwa kwenye korido. Ukurasa wa tatu, katikati ya mambo ya risiti na funguo, kuna mstari umekaa peke yake: "Naona watoto wanajitahidi nisijue. Nimewaacha."

Nimelisoma hilo neno la mwisho mara nyingi sana. Nimewaacha, yaani nimewaruhusu waendelee na yao, sitaki kuwaharibia. Na nimewaacha, yaani nimeondoka, wako huko na mimi niko huku. Sijui alimaanisha lipi, labda yote mawili, ila ninachojua ni kwamba alivyoniuliza daktari amesemaje alikuwa tayari anajua. Alikuwa ananifungulia mlango, na mimi nikaufunga kwa upole wote, na ule mkono ukasimama.

Kwahiyo hii makala inahusu uongo, lakini wa aina hiyo, wa watu wanaopendana. Uongo wa tapeli hauna fumbo lolote, anataka mali yako basi. Wa kwetu ndo unanisumbua, kwa sababu niliusema mimi na nilidhani nafanya jambo jema, na kama ungenisimamisha mlangoni ukaniuliza hivi wewe ni mwongo ningekuona umenitukana.

Mwaka 1965 wanasosholojia wawili wa Marekani, Barney Glaser na Anselm Strauss, walitoa kazi yao juu ya watu wanaokufa mahospitalini, walikuwa wamekaa wodini wakitazama nani anajua nini na nani anajifanya hajui. Waliona kuna hali nne. Kuna mgonjwa asiyejua wakati wengine wote wanajua, kuna anayeshuku na anatega maswali, kuna hali ya wazi ambapo kila mtu anajua na inaongelewa, na kuna hali moja katikati ambapo wote wanajua, mgonjwa anajua, ndugu wanajua, manesi wanajua, na kila upande unajifanya haujui. Nilipoisoma hiyo niliweka simu chini. Miezi yangu miwili mtu alishaiandika hata kabla sijazaliwa! Walieleza hata vitu vidogo vidogo, kwamba watu wanachagua mada salama, na mtu akiteleza kidogo kwa neno au kwa chozi, yule mwingine anasaidia kufunika kama hajaona kitu. Ndivyo ilivyokuwa. Siku moja binamu alianza kusema "mama ukishaku..." akanyamaza, na ni Shangazi mwenyewe aliyemuokoa, akaomba afunguliwe dirisha. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama, na sisi tulikuwa tunamfunga kitambaa mtu ambaye ameshaona kila kitu, na yeye akatuachia tufunge.

Sasa tuje kwenye siku za kawaida, maana wodini hatukujifunza uongo siku hiyohiyo, tuliingia nao. Mimi binafsi nikijiangalia vizuri ni mtu wa "niko njiani". Niko kitandani, niko njiani. Sijaoga, niko njiani, nakaribia kabisa. "Sijaiona meseji yako" wakati nimeisoma mara tatu na sikujua nijibu nini. "Niko poa." Hili la mwisho nadhani ndo uongo unaosemwa zaidi duniani, na tunausema kwa watu ambao kama tungewaambia hapana siko poa wangeacha kila kitu na kuja.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Bella DePaulo, na wenzake mwaka 1996 walitoa utafiti ambao waliwapa watu madaftari, wanafunzi 77 wa chuo na watu wengine 70 wa mtaani, wakawaambia kwa wiki nzima waandike kila uongo wanaosema. Wanafunzi wakatoka na wastani wa kama uongo mbili kwa siku, wale wengine kama mmoja. Wengi wanaonukuu huo utafiti wanaishia kwenye namba, lakini kilichonishika mimi ni kwamba wale watu walieleza kuwa mazungumzo yaliyokuwa na uongo ndani yake yalikuwa na ukaribu mdogo na raha ndogo kuliko yale yasiyo na uongo. Uongo ni mdogo tu, wa kupotezea, hauna madhara, na bado mtu mwenyewe aliyeusema anatoka pale anahisi kuna kitu kimepungua. Mimi naijua hiyo hali. Nikishasema niko poa, simu inakuwa nzito mkononi, natafuta namna ya kuaga.

Ila nisiwe mkali kupita kiasi kwa binadamu wote, kwa sababu mwaka 2010 mtafiti Kim Serota na wenzake waliwauliza watu wazima 1,000 wa Marekani wamedanganya mara ngapi ndani ya saa 24 zilizopita na kama asilimia 60 walisema hawajadanganya kabisa, na nusu ya uongo wote ulitoka kwa asilimia 5 tu ya watu. Unaweza kusema labda na hao 60 walidanganya hapohapo, sawa, inawezekana. Lakini mimi naamini kwa sehemu kubwa, maana hata kwenye familia yetu watu wengi siku zinapita hawajamdanganya mtu. Uongo wetu wa wodini haukuhitaji waongo wazoefu. Ulihitaji watu wanne wa kawaida waliochoka na wanaoogopa.

Nimesema wanaoogopa, na hapo ndo pananiuma zaidi.

Sababu tuliyoitoa kwenye korido ilikuwa moyo wa Shangazi, kwamba hatoweza, kwamba binadamu ndivyo alivyoumbwa, hawezi kuishi na habari ya kifo chake. Tulisema vile kama watu wanaotaja sheria ya maumbile. Baadaye nikaja kukutana na stori moja ya madaktari ambayo imenibomoa kabisa hiyo sheria. Mwaka 1961 daktari mmoja, Donald Oken, alichapisha kwenye jarida la chama cha madaktari wa Marekani majibu ya madaktari 219 wa hospitali moja ya Chicago, aliwauliza kama huwa wanamwambia mgonjwa wa saratani ugonjwa wake, na kama asilimia 90 wakasema wanapendelea kutomwambia. Sababu zao ni zilezile za kaka yangu, kama vile walikuwa na sisi kwenye korido, atakata tamaa, atadhurika. Wakasema ni uzoefu wa kazi umewafundisha. Lakini Oken alipochimba akaona uzoefu haupo pale, kilichopo ni hisia zao wenyewe, msimamo waliokuwa nao kabla hata ya kujaribu njia nyingine, na chini yake kabisa kuna ile hali ya kujiona hawana la kufanya mbele ya huo ugonjwa.

Mwaka 1979 watafiti wengine wakauliza madaktari maswali yaleyale. Asilimia 97 wakasema wanapendelea kumwambia mgonjwa ukweli.

Miaka 18 tu. Sasa binadamu alibadilika umbile ndani ya miaka 18? Mioyo ya wagonjwa ilikuwa dhaifu 1961 halafu ikawa imara 1979? Dawa ziliongezeka ndiyo, sheria na desturi za kazi zilibadilika, watu wakaanza kudai kujua habari za miili yao wenyewe, mambo mengi yalisogea kwa pamoja. Ila mgonjwa ni yuleyule, anaogopa vilevile. Kilichokuwa kinaitwa asili ya binadamu, kwa sehemu kubwa sana, kilikuwa ni mazoea ya yule aliyesimama pembeni ya kitanda akiwa mzima. Tangu hapo nikisikia mtu anaanza sentensi na "binadamu ndivyo alivyo" huwa nasubiri kwanza nione inamsaidia nani hiyo sentensi. Ile ya kwetu ilitusaidia sisi. Kama angeambiwa, ingebidi mtu amwambie, na huyo mtu angekuwa mmoja wetu, na huyo mmoja wetu angeuona uso wake wakati anapokea. Hilo ndo tulilikimbia. Mimi hasa, nisiwasemee wengine.

Kuna kisa kimoja cha zamani sana ambacho kimenisaidia kufikiri kuliko vyote, na kinashangaza kwa jinsi kinavyofanana na chetu. Agustino, askofu wa Hippo, mji uliokuwa pwani ya Algeria ya leo, aliandika mara mbili juu ya uongo, mara ya kwanza kama mwaka 395 na mara ya pili kama mwaka 420 akiwa mzee. Msimamo wake ni mgumu kama jiwe, kwamba uongo wote ni kosa, aliupanga mpaka katika aina nane kuanzia mbaya zaidi mpaka ule usiomdhuru mtu, na wote akaukataa. Lakini kwenye ile kazi ya uzeeni anaweka mfano. Mgonjwa mahututi ana mtoto mmoja tu wa kiume anayempenda sana, mtoto amekufa, mgonjwa hajui, anakuuliza wewe uliyekaa naye, mwanangu yu hai? Ukimwambia amekufa, habari yenyewe itammaliza. Ukisema yu hai umedanganya, ukisema sijui umedanganya pia. Hebu fikiria anayeandika haya ni mtu aliyezika mwanawe wa pekee, kijana ambaye hata ishirini hakufika. Na anakiri, yule mzee mwenye msimamo wa jiwe, kwamba mfano huu unamgusa sana, kwamba mbele ya mtu wa namna hiyo anatikisika. Habadilishi jibu. Lakini anasema wazi kwamba anatikisika, na mimi namheshimu zaidi kwa kutikisika kuliko kwa jibu.

Kwa sababu mimi kwa huyo mgonjwa wa Agustino ningedanganya. Nasema hivyo bila aibu. Kwa saa moja, kwa usiku mmoja, mtu anapigania pumzi na mimi nina neno moja ambalo litaikata, ningesema yu hai na ningebeba hilo deni. Kwahiyo siwezi kujifanya nimekuwa mtu wa ukweli mtupu. Na Kant, yule mwanafalsafa wa Ujerumani, simfuati kabisa pale anaposema, kwenye makala yake ya mwaka 1797, kwamba hata muuaji akija mlangoni akauliza rafiki yako uliyemficha yupo ndani, bado huna haki ya kumdanganya. Najua alikuwa analinda kitu kikubwa, kwamba tukiruhusu uongo pale unapoonekana una faida basi neno la mtu halitabaki na thamani popote. Lakini yule muuaji mlangoni hajaja kuzungumza na mimi. Amekuja kunitumia kama dirisha la kuchungulia. Sioni namdai nini wala ananidai nini.

Tofauti ninayoiona, na nimekaa nayo muda mrefu, ni kwamba Shangazi hakuwa muuaji mlangoni na wala hakuwa yule baba mgonjwa wa kwenye mfano wa Agustino. Alikuwa anauliza habari zake mwenyewe. Ule ukweli ulikuwa mali yake, siku zilizobaki zilikuwa zake, alikuwa na cherehani ya kugawa na madeni ya kulipa na nadhani alikuwa na maneno ya kutuambia pia, na sisi tukakaa na mali yake mfukoni kwa miezi miwili tukisema tunamtunzia. Halafu ule haukuwa uongo wa usiku mmoja. Uongo wa muda mrefu unahitaji kulishwa kila siku, leo umesema rangi imerudi, kesho inabidi ueleze kwanini dawa zimeongezwa, keshokutwa inabidi nesi aombwe naye asiseme, na ukitazama vizuri sasa chumba kizima kimekuwa na watumishi wa ule uongo na hakuna anayemhudumia mgonjwa.

Mwaka 2016 watafiti wa chuo kikuu kimoja cha London, University College London (UCL), walionyesha kitu kama hicho kwa njia yao. Waliwapa watu mchezo wa kukadiria senti zilizomo kwenye chupa na kumshauri mwenzao, na kulikuwa na nafasi ya kudanganya kwenye ushauri. Pale ambapo kudanganya kulimpa mdanganyaji faida, uongo ulianza kidogo ukakua taratibu kadiri mchezo unavyoendelea, na ile sehemu ya ubongo inayohusika na hisia, amigdala, ikawa inashtuka kidogo na kidogo zaidi. Unazoea tu. Lakini pale ambapo uongo ulimfaidisha mwenzake peke yake na kumgharimu aliyeusema, haukukua hivyo. Niliposoma hapo nilijiuliza swali ambalo sikulipenda. Uongo wetu ulikua au haukukua? Ulikua. Siku ya kwanza nilitoka nje nikatetemeka, wiki ya sita nilikuwa namwambia Shangazi tutasafiri huku nasoma meseji kwenye simu. Kama kweli ungekuwa kwa ajili yake peke yake, sidhani kama ungekuwa mwepesi vile.

Nitie neno hapa kuhusu tafiti zenyewe, maana nimezitegemea na naona ni haki kusema. Mwaka 2012 ulitoka utafiti mmoja maarufu sana juu ya uaminifu, kwamba ukimfanya mtu asaini juu ya fomu kabla hajaijaza, badala ya chini baada ya kujaza, atasema ukweli zaidi. Ulisifiwa sana kila mahali. Mwaka 2021 ikaonekana kwamba data zake za bima ya magari zilikuwa za kughushi, na ule utafiti ukaondolewa. Utafiti kuhusu uaminifu, jamani! Ilinihuzunisha, kwa kweli ilinihuzunisha, kwa sababu watu waliusoma kama mimi ninavyosoma hizi nyingine, kwa njaa ya kujua tuweje watu wazuri. Ndo maana hizi namba nazishika kwa mkono mlegevu, na lile daftari la mistari nalishika kwa mikono miwili.

Kuna upande wa pili ambao siwezi kuuruka, wa wale wanaosema "mi ni mtu wa ukweli, sifichi" halafu wanakwambia umenenepa, mtoto wako ana shida, mumeo nilimuona mahali. Huo ukweli wa kurusha kama jiwe siutetei. Shangazi asingehitaji mtu wa kuingia wodini na kumtangazia. Nilichokuja kuelewa, kwa kuchelewa, ni kwamba kuna njia nyembamba kati ya kutangaza na kudanganya, nayo ni kuuliza. "Shangazi, unataka nikwambie alivyosema?" Maneno manne tu. Angeweza kusema hapana mwanangu, sitaki, nibaki hivi, na hapo kunyamaza kwetu kungekuwa ni kumtii. Kuna watu hawataki kujua na hiyo ni haki yao kabisa. Au angesema ndiyo. Kwa vyovyote angekuwa ameamua yeye.

Naona pia jinsi tunavyoanza mapema. Watoto wa miaka mitatu kwenye jaribio la mwaka 1989 waliachwa chumbani na kitu cha kuchezea nyuma yao wakaambiwa wasigeuke, karibu wote waligeuka, na walipoulizwa kuna sehemu kubwa tu walisema hawajageuka. Watu wanaichukua hiyo kama ushahidi kwamba uovu tumezaliwa nao. Mi nikimtazama mtoto wa dada yangu naona kitu kingine. Juzi kavunja kikombe, kasimama juu ya vipande, miguu mitupu, nikamuuliza nani kavunja akasema sijui, macho yake yameninata usoni. Hakuwa anatazama vile vipande hata kidogo. Alikuwa ananitazama mimi aone bado niko upande wake au nimeshahama. Nikambeba kwanza kumtoa pale, nikakagua nyayo zake, na tulipofika kwenye kochi akasema mwenyewe, kwa sauti ndogo, "ni mimi." Nadhani hata sisi wanne kwenye korido tulikuwa tumesimama hivyo, tukitazama uso wa Shangazi kwa mbali, tukiogopa ukweli utatuhamishia upande mwingine ambako hatutakuwa naye tena. Na tukahama wenyewe.

Mwaka huu nimejaribu mambo madogo. Kama bado niko nyumbani nasema niko nyumbani, nimechelewa, nisamehe. Meseji nikiwa nimeisoma na sina jibu naandika nimeisoma, nipe muda. Nilidhani watu watakasirika, na wengine walikasirika kidogo, lakini hakuna aliyeniacha. La "niko poa" ndo gumu. Wiki mbili zilizopita rafiki yangu alinipigia usiku akauliza vipi uko poa, nikavuta pumzi nikasema hapana, leo sijakaa vizuri, namkumbuka Shangazi. Kukawa kimya. Halafu nikasikia anavuta kiti.

Jumapili nikampigia kaka. Hatujawahi kuliongelea lile daftari, tangu binamu alipolisoma kwa sauti mbele yetu na kaka akanyanyuka akatoka nje. Nikamwambia kaka, nataka kukuomba kitu na usikichukulie vibaya, siku nikiumwa, nikiumwa kweli, niambieni. Hata kama nalia. Hata kama daktari amesema presha itapanda. Uniulize kwanza nataka kujua kiasi gani, nikisema nataka yote uniambie yote, na uwe wewe, asije mtu mwingine.

Hakujibu. Nilisikia redio kwa mbali upande wake, mtu anasoma matangazo. Kwenye majaribio mengi yaliyokusanywa pamoja mwaka 2006, watu walioambiwa watambue nani anasema ukweli na nani anadanganya walipatia kama asilimia 54, yaani ni kama kurusha sarafu tu na nyongeza kidogo, na hao wengi walikuwa wakisikiliza wageni wasiowajua. Huyu ni kaka yangu, nimelala naye chumba kimoja miaka kumi na mbili, najua kikohozi chake. Ile redio ikaendelea, mpaka matangazo yakaisha ukaanza muziki.

"Sawa," akasema.

Niliisikiliza ile sawa yake kwa makini yote niliyonayo, na sikuweza kujua. Nikamuuliza, "Na wewe je, kaka? Ungetaka tukwambie?"

Redio ikazimwa. "Hilo," akasema, "njoo tuliongee hapa nyumbani."

Nikamwambia niko nyumbani bado, sijavaa hata viatu, nitachukua kama saa nzima kufika.

"Njoo tu," akasema. "Nakusubiri."